Kefa Apeleka Dawa Ikungi

"Pikipiki ni mpole kuliko punda," Kefa alikuwa akisema. "Punda ana mawazo yake. Pikipiki haina mawazo, inangoja yangu."

Maneno hayo aliyasemea kwenye hoteli ya Mosi, karibu na soko la Singida, huku amekalia benchi kama mtu aliyekalia kitu kinachokwenda mbio. Miezi miwili tangu aajiriwe ukarani mdogo katika ofisi ya mifugo, kila mnywa chai wa pale alikwisha kusikia jinsi alivyoendesha pikipiki ya mwalimu mkuu huko shuleni, jinsi alivyopanda nayo mlima, jinsi alivyovuka nayo mto uliofurika. Kufikia mwezi wa pili mto huo ulikuwa umepata mamba. Mosi, mwenye hoteli, alimwuliza mamba alikuwa upande gani.

"Pande zote mbili," Kefa akajibu, akaomba aongezewe sukari.

Ukweli ulikuwa mfupi kuliko hadithi. Alipokuwa darasa la kumi, kazi yake ya Jumamosi ilikuwa kuiosha pikipiki hiyo kwa ndoo na kitambaa. Siku moja mpishi alimsukuma akiwa juu yake, injini imezimwa, kutoka mlango wa jikoni hadi kwenye mti wa mjohoro. Hatua thelathini. Breki ilikuwa ule mti.

Basi ikafika Jumanne moja ya mwezi wa nane, mwaka 1953, picha ya marehemu Mfalme bado inaning'inia ukutani ofisini ingawa Malkia alikwisha kutawazwa. Mrisho, tarishi wa pikipiki, alikuwa amekaa kwenye kreti mguu wake umefungwa vitambaa. Jana yake sufuria la maji ya moto lilimmwagikia mguuni. Lori la ofisi lilikuwa Kiomboi, limevunjika springi. Na Ikungi ng'ombe mia sita walikuwa wamekusanywa tangu jana, kwa sababu sotoka, ile tauni ya ng'ombe, ilikuwa imeonekana vijiji vya jirani, na msaidizi wa mifugo aliyekuwa huko, Yeremia, alikuwa na sindano bila dawa.

Bwana Mifugo, Mzungu mrefu mwenye magoti mekundu, alitoka chumbani kwake akamtazama Kefa juu hadi chini.

"Wewe najua pikipiki?"

Mlangoni walikuwa wamesimama makarani wawili, wote wanywaji wa chai ya Mosi. Walimtazama Kefa wakingoja, na mmoja wao alikuwa tayari anatabasamu. Kefa alihesabu kwa haraka: akisema hapana, leo jioni hapati pa kukaa pale hotelini, akisema ndiyo, huenda akafa, lakini hilo halikuwa na hakika.

"Ndiyo, Bwana," akasema. "Tangu zamani."

Bwana Mifugo akaandika karatasi ya ruhusa ya mwanafunzi wa udereva, akaigonga muhuri, akarudi ndani kwenye simu zake. Mrisho alingoja mlango ufungwe. Ndipo alipojikongoja hadi uani, akashika usukani wa pikipiki, akauliza kwa sauti ya chini:

"Kijana, klachi iko wapi?"

Kefa alinyoosha kidole.

"Hiyo ni taa," Mrisho akasema.

Mrisho alikuwa mtu mzima wa mjini, baba wa watoto saba, na watoto saba humfundisha mtu kutopoteza muda kwa kukasirika. Alimwonyesha mara moja tu, polepole: mkono wa kushoto klachi, mkono wa kulia moto wa kuongezea mwendo, mguu wa kulia gia, mguu wa kushoto breki. Akamfanya arudie. Kisha akamwambia apige kiki. Kefa akapiga; kile chuma kikarudi kwa hasira kikampiga kwenye muundi hadi machozi yakamtoka. Akapiga tena. Kikampiga tena, mahali pale pale.

"Acha," Mrisho akasema. "Utaondoka kwa kusukumwa. Lakini nisikilize. Usizime njiani. Ukizima, huna wa kukuwashia ila Mungu, naye leo ana mengi. Mkono huu wa kulia usiuondoe kwenye moto hata nyuki akikaa usoni. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee Mrisho."

"Sasa kubwa zaidi." Akafungua jokofu la mafuta ya taa, akatoa mkebe wa bati wenye vichupa vya dawa, akautia kwenye themosi kubwa ya mdomo mpana, akaushindilia mabonge ya barafu pande zote, akafunga kizibo. "Dawa hii ina uhai. Ikipata joto imekufa, na ikifa haibadiliki rangi wala harufu. Yeremia hataweza kujua kwa kuitazama. Akiwachoma ng'ombe dawa iliyokufa, amewachoma maji. Na wenyewe watadhani wamekingwa, watawapeleka malishoni katikati ya ugonjwa. Mimi nimeuona mwaka ambao ng'ombe walikwisha kule Mkalama, Kefa. Watu walikuwa wanalia kwa zamu."

Kefa alitaka kusema kitu, tena kitu cha kweli. Lakini makarani wale wawili walikuwa wametoka nje kumwona anavyoondoka.

"Barafu itakwisha saa sita mchana," Mrisho akasema, akiifunga themosi kwenye keria kwa mipira ya tairi la baiskeli. Kisha akaning'iniza nyuma kibati cheupe chenye herufi L nyekundu.

"Hicho si tungekiacha?" Kefa akanong'ona. "Watu wataniona mwanafunzi."

"Hicho ndicho kitawaambia wakimbie."

Makarani wakasukuma. Klachi ikaachiwa kama ilivyoelekezwa, pikipiki ikakohoa, ikashika, na Kefa akatoka kwenye ua wa ofisi ya mifugo akipunga mkono kwa moyo tu, kwa maana mikono yote miwili ilikuwa imekakamaa kwenye chuma.

Maili za kwanza hakuona kitu ila tairi la mbele. Upepo wa kiangazi ulimjia kwa ubavu ukimsukuma kama mlevi anayetafuta ugomvi. Mawe makubwa ya Singida yalipita kushoto na kulia. Kila moja lilionekana kumwegemea. Barabara ilikuwa changarawe yenye matuta madogo kama ubao wa kufulia, meno yakagongana, na kila tuta alijisikia nyuma ya mgongo ile themosi ikigota. Alipojaribu gia ya pili akapata ya tatu. Akaiacha hapo hapo. Hakuwa na ugomvi na gia iliyokubali.

Baada ya saa nzima akaanza kupumua. Baada ya saa na robo akaanza kutabasamu. Mashamba ya uwele uliokwisha kuvunwa yalikuwa meupe pande zote, na wachungaji walisimama kwa mguu mmoja kumtazama. Alianza kuitunga hadithi ya jioni: kwanza chui, kisha daraja lililovunjika.

Ndipo alipomfikia mzee wa kwanza.

Mzee huyo alikuwa anatembea ukingoni, mkongojo begani, na aliposikia muungurumo alisimama na kugeuka, akangoja. Hakuwa anangoja pikipiki, alikuwa anangoja salamu. Kote huko, kijana aliye juu ya punda hushuka akamwamkia mkubwa wake. Aliye kwenye baiskeli hushuka vilevile. Kefa alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Lakini kushuka ni kuzima, na kuzima ni mwisho wa safari.

"Shikamoo, mzee!" akapaza sauti akipita.

Neno likachukuliwa na upepo, nusura na kofia yake pia. Nyuma yake akasikia sauti ya mzee, wala haikuwa marahaba:

"Mtoto wa nani huyo? Ana kofia ya Serikali kichwani, anatupita kama tunavyopita kisiki!"

Kefa alijisikia masikio yanawaka. Alikuwa Mnyiramba katika nchi ya Wanyaturu, mgeni, na mgeni asiye na adabu huwa anaharibu jina la wote waliobaki kwao. Tena kofia ile, kofia ya kaki yenye beji ya shaba, aliipenda kuliko kitu chochote alichonacho. Kwao Iramba, mchungaji wa kanisa aliwafundisha wavulana wote: salamu bila kuvua kofia ni kelele tu. Basi akaweka nadhiri juu ya pikipiki ile: mkubwa mwingine yeyote nitakayemkuta, nitavua kofia. Kushuka siwezi, lakini kuvua nitavua.

Mkubwa mwingine alikuwa bibi.

Alikuwa mahali ambapo barabara inashuka na kukata mto mkavu, maili nne hivi kabla ya Ikungi. Bibi mwembamba mwenye kaniki, anaswaga ng'ombe mmoja na ndama kwa fimbo ndefu. Alikuwa amewatoa wanyama wake pembeni kwa heshima kumpisha mwenye chombo, na sasa amesimama wima, fimbo mkononi, uso umeinuliwa. Umri wa bibi yake Kefa hasa. Pengine zaidi.

Mteremko ukamchukua Kefa kwa kasi. Mbele yake mchanga wa mto ulikuwa mweupe, mwingi. Mrisho alikuwa amesema kitu juu ya mchanga? Hakukumbuka. Alichokumbuka ni kofia.

Sasa, mkono gani? Mtu mwenye akili zake angetumia wa kushoto, ambao wakati huo haukuwa na kazi. Lakini Kefa hakuwa amelelewa na punguani. Kumwamkia bibi kizee kwa mkono wa kushoto ni tusi, ni afadhali umpite kimya. Wala hakuwaza. Mkono wa kulia uliinuka wenyewe, kama ulivyoinuka tangu utotoni, ukaacha moto, ukashika kofia, ukaivua vizuri kabisa.

"Shikamoo, bi—"

Pikipiki ikapunguza mwendo ghafla, tairi la mbele likazama mchangani, usukani ukageuka kama kichwa cha fahali. Mbingu ikapita chini, mchanga ukapita juu. Kishindo. Kioo cha taa kikavunjika. Kisha kimya, na katika kimya kile tiktiktik ya chuma cha moto.

"Marahaba," bibi akasema.

Kefa alikuwa amelala chali, mguu wa kulia chini ya pikipiki. Bomba la moshi lilikuwa limegusa shavu la mguu. Alihisi suruali inanuka kabla hajahisi maumivu. Akavuta. Mguu haukuja. Akasukuma tangi kwa mikono miwili; pikipiki ikainuka kidole kimoja, ikarudi. Karibu na goti lake tone la petroli lilianguka mchangani. Likafuata jingine. Aliyatazama yale matone na bomba lile la moto, kati yao upana wa kiganja, na akaanza kuomba kwa Kinyiramba, lugha ambayo hakuitumia kwa utani.

Kisha akageuza kichwa akaiona themosi.

Mipira ilikuwa imekatika. Themosi ililala kando bila kizibo, mdomo wazi, na mabonge ya barafu yalikuwa yamemwagika mchangani, yanameta juani pamoja na vipande vya kioo cha taa. Mkebe wa dawa ulikuwa umebingirika mbele zaidi. Barafu iliyo karibu ilikuwa ya kufikiwa kwa mkono, kama angejinyoosha.

Akajinyoosha. Vidole vikagusa ubaridi wa bonge la kwanza.

"E-e, e-e," bibi akasema, akafika upesi. Alimwambia jambo kwa Kinyaturu, na Kefa alielewa neno moja katika kumi. Lakini ile sauti aliielewa. Ndiyo sauti ambayo bibi wote duniani huwaambia watoto wanaochezea visu. Bibi aliinama, na kwa ncha ya fimbo yake, kwa uangalifu mwingi, akaanza kuvisukumia mbali vile vitu vinavyometa, kimoja kimoja, kioo na barafu bila kubagua, ili visimkate mtoto wa watu. Akavipeleka mpaka hatua nne.

"Bibi, si kioo! Ni barafu. Barafu!"

"Balafu," bibi akarudia kwa upole, kama mtu anayemkubalia mgonjwa anayeweweseka. Akachungulia ule mguu, akatikisa kichwa. Yeye peke yake asingeiinua ile mashine. Akaonyesha kwa fimbo upande wa kilima, kwenye vumbi la kundi: anakwenda kuita vijana. Kisha akauona ule mkebe mchangani, njia ya ng'ombe. Akauokota. Akaufuta kwa kaniki yake. Akatafuta mahali salama ambapo hakuna atakayeukanyaga, akauweka vizuri juu ya jiwe kubwa, jeusi, lililokuwa linapigwa jua tangu alfajiri.

"Kivulini, bibi! Weka kivulini! Bibi!"

Bibi alikwisha kuondoka, anatembea kwa haraka kadiri miaka yake ilivyomruhusu. Aliinua fimbo bila kugeuka, kumjibu kwamba nakuja.

Kefa akabaki na lile jua. Aliwahi kukaa darasani mitihani mirefu, aliwahi kungoja ugali nyumba ya watu wachoyo, lakini hakuwahi kuona muda ukienda kwa namna ile, yaani kuuona kwa macho. Mabonge ya barafu yalikuwa ya ukubwa wa ngumi. Akatazama. Yakawa ya ukubwa wa yai. Chini ya kila moja mchanga uliingia weusi, weusi ukatanuka, kisha hata weusi ukanywewa. Juu ya jiwe mkebe uling'aa mpaka akashindwa kuuangalia. Ng'ombe wa bibi alikuja akaramba mahali palipokuwa na bonge la mwisho, akashtuka, akaramba tena.

Alihesabu matone ya petroli hadi mia mbili na kumi, ndipo yalipokoma, na bomba likapoa, na moto haukuwaka. Ilikuwa kama nusu saa, au zaidi. Bibi alirudi na vijana wawili wenye mikuki na kicheko. Wakaiinua pikipiki kana kwamba ni kitanda cha kamba. Mguu ulikuwa umeungua na kuchubuka, lakini haukuvunjika.

Kefa alichechemea moja kwa moja hadi kwenye jiwe. Mkebe ulimchoma vidole.

Akausimamia pale, akaupuliza. Vichupa vilikuwa vizima vyote. Rangi ile ile. Hakuna aliyemwona akiufungua na kuunusa. Harufu ilikuwa ile ile pia. Maneno ya Mrisho yalimpitia kichwani moja moja, na kila moja lilikaa mahali pake.

Kando ya mto kulikuwa na kisima cha mchangani, shimo lililozungushiwa miiba, na bibi alikuwa ameshamtekea maji kwa kibuyu ili anawe damu. Maji yale yalitoka chini, penye giza. Yalikuwa baridi ya kushangaza. Kefa alikunywa. Kisha akatulia, kibuyu mkononi, akiyatazama yaliyobaki.

Si kwamba aliamua. Mtu akiulizwa baadaye husema niliamua, lakini wakati ule aliiokota themosi tu, akautia mkebe, akamimina maji ya kibuyu hadi juu, akatafuta kizibo, akakipata, akafunga. Bibi alisimama anamtazama kwa upole. Vijana wakasukuma. Pikipiki ikakohoa, ikashika.

Alifika Ikungi saa sita kasoro.

Walimsikia kabla ya kumwona. Alipotokea, watu walikuwa wamesimama hadi juu ya uzio. Ng'ombe mia sita walikuwa wanalia kwa kiu katika mazizi ya miti, vumbi limepanda kama moshi wa shamba linalochomwa, na wenye ng'ombe, wazee kwa vijana, walikwisha kuanza kubishana kama wawafungue waende zao. Yeremia, mwanamume mnene wa pale pale Ikungi, koti lake jeupe limekuwa la udongo, alimkimbilia akamshika mabega.

"Umefika! Bwana, nilikuwa nimebakiwa na maneno tu, nayo yalikuwa yanaisha. Damu hii ya nini?"

"Kidogo tu," Kefa akasema. "Fisi."

"Fisi, saa hizi?"

"Ndiyo maana nilishangaa hata mimi."

Watu wakamzunguka. Mtu akamletea kigoda, mwingine togwa. Na Kefa, ambaye njia nzima alikuwa amejiambia kwamba nikifika nitamvuta Yeremia kando nimweleze, akajisikia mdomo wake unaanza kazi yake ya siku zote. Fisi akawa wawili. Alisema alivyowapita kwa kasi, alivyouvuka mto wa mchanga bila hata kupunguza moto, alivyomwamkia kila mkubwa njiani kwa kofia mkononi. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Alikuwa anasema, na huku jicho lake moja liko kwa Yeremia, anayefungua themosi.

Yeremia akatia kidole.

"Barafu iko wapi?"

"Imeisha sasa hivi, hapo mlimani. Onja maji, bado ni baridi."

Yeremia akayaonja. Yalikuwa baridi. Akamimina kidogo kiganjani, akatazama. "Mbona kuna mchanga?"

"Vumbi la barabara, Bwana Yeremia. Ungeniona mimi masikioni."

Watu wakacheka. Yeremia hakucheka, lakini nyuma yake mzee mmoja alikuwa anasema kwa sauti kwamba ng'ombe wake watakufa kwa kiu kabla ya sotoka, na wengine wakaitika. Yeremia akautazama mkebe. Akamtazama Kefa.

"Haikutoka kwenye barafu hata mara moja?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema ukweli. Kefa alipajua, kama mtu anavyojua ukingo wa shimo kwa unyayo gizani. Alitazama mazizi. Karibu na lango fahali mwekundu alikuwa ameweka kidevu chake juu ya mgongo wa mwenzake, amefumba macho. Kijana mmoja aliyemshika Kefa mkono alikuwa bado hajauachia.

"Hata mara moja," akasema.

Kazi ikaanza. Dawa ikachanganywa, sindano ikajazwa. Ng'ombe wa kwanza akasukumwa kwenye kibano cha miti. Akachomwa, akatolewa upande wa pili, akapigwa alama ya chokaa kwamba amekingwa. Wa pili. Wa tano. Wa kumi. Kila aliyetoka na chokaa, mwenye ng'ombe alimpiga kofi la furaha matakoni na kumswaga malishoni, njia ya kijiji cha Puma, huko huko kwenye ugonjwa. Kefa alikuwa amepewa kazi ya kupaka hiyo chokaa. Alipofika ng'ombe wa ishirini alikuwa anaipaka bila kumtazama mnyama usoni. Togwa yake ilikuwa imekaa kigodani, imeingia nzi.

Akajiambia: wa thelathini, nitasema. Wa thelathini akapita. Akajiambia: Yeremia akinitazama. Yeremia hakutazama, alikuwa anafanya kazi kwa kasi ya mtu anayeiamini.

Ng'ombe wa arobaini na moja alikuwa ndani ya kibano, na sindano imeshikwa juu ya shingo yake, pale watu wa nyuma walipojigawa kumpisha mtu. Fimbo ndefu ilitangulia. Kisha ng'ombe mmoja na ndama, vumbi hadi tumboni. Kisha bibi.

Alikuwa ametembea maili zote nne. Alimpita Yeremia, akawapita wazee, akaenda moja kwa moja kwa Kefa, akainama kuutazama mguu wake. Na Kefa, brashi ya chokaa mkononi, hakuwa na la kufanya ila lile alilofundishwa. Akavua kofia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Kisha akamgeukia Yeremia, akaanza kusema kwa Kinyaturu, kwa furaha, kama mtu aliyebeba habari njia nzima bila wa kumpa. Kefa alielewa neno moja katika kumi. Lakini aliiona mikono. Ile mikono mikavu iliinua pikipiki isiyokuwapo. Ilisukuma vitu vidogo kwa fimbo. Kisha vidole vikafumbwa kwenye ngumi, na ngumi ikafunguka polepole, kiganja kitupu, kinachuruzika. Mmoja wa wenye ng'ombe akaanza kugeuka, taratibu, kutazama malishoni walikokwenda wale arobaini.

Yeremia aliirudisha sindano nyuma bila kuchoma. Hakuinua sauti.

"Bibi anauliza mguu unaendeleaje," akamwambia Kefa. "Tena anasema ameshangaa sana, maana vile vioo alivyokuondolea usije ukajikata, aliporudi alikuta vingine vimebaki unyevu tu mchangani. Anauliza ni vioo vya namna gani. Na anaomba umsamehe, kwa sababu mkebe wa dawa aliuweka juu ya jiwe, na ulipouchukua aliona umekuchoma mkono."